Filimbi Ndani ya Koti

Rolande alifungua kifungo cha pili cha koti la Florent palepale kwenye Chaussée de Wavre, mbele ya duka la vitenge, watu wakipita na mifuko yao ya majani ya pondu na samaki wa chumvi. Akaisukuma filimbi ndani, upande wa kushoto, akafunga kifungo tena. Yote hayo bila kumtazama usoni. Florent Banza alikuwa ameosha madirisha ya wakubwa wa mji huu miaka kumi na tisa, juu ya ngazi, upepo unapiga, bila kutetemeka. Lakini vidole vya mwanamke huyu vilipogusa shati lake, aliegemea kioo cha duka kama kijana.

"Usiitoe," Rolande alisema. "Ikae ku mwili. Ikishika baridi inashuka sauti, na ba violon habataningoja."

"Najua. Mzee Fintan alisema iwekwe ku kwapa, sawa na thermomètre."

Rolande alicheka kidogo, halafu kicheko kikaisha haraka. Alikuwa amevaa gauni jeusi la kanisani lisilo na mfuko hata mmoja, na juu yake koti jepesi la kuazima. Februari ya Brussels haimhurumii mtu wa namna hiyo.

Ilikuwa filimbi ya bati, urefu wa mkono kutoka kiwiko mpaka kifundo, matundu sita, mdomo wa plastiki ya kijani uliotafunwa kwa meno. Rangi yake nyeusi ilikuwa imebanduka mahali pa vidole. Vidole vya nani? Vya mzee Fintan, Mwairishi wa Etterbeek, ambaye Rolande alimuogesha, alimlisha na kumgeuza kitandani miaka minne. Mikono ya mzee ilipoanza kutetemeka akashindwa kupiga, alimpa Rolande filimbi akamfundisha akiwa amelala. Kwao, alisema, kila mtoto anapewa moja shuleni kwa sababu hakuna chombo rahisi kuliko hicho. Watu wanakicheka. Lakini wapigaji wa muziki wa Kiselti wakikaa kwenye duara, violini huku, kodiani huku, hicho kibati ndicho kinachotangulia mbele na wenye vyombo vya bei kali wanakifuata. Florent aliposikia habari hiyo aliipenda hapohapo. Katika dunia nzima ndiyo mara ya kwanza alisikia cha maskini kinatangulia.

Alimjua Rolande kwa sikio kabla ya jicho. Alikuwa anaosha madirisha ya ngazi katika jengo la mzee Fintan, sauti ikatoka nyuma ya mlango, nyembamba, inapanda, inakatika mahali pa pumzi, inapanda tena. Alisimama na ndoo mpaka maji yakapoa. Mlango ulipofunguka, mwanamke wa Bukavu mwenye macho ya usingizi akamwuliza kwa Kifaransa kama amepotea. Alimjibu kwa Kiswahili kwamba ndiyo.

Sasa ilikuwa miezi mitano tangu hapo, na mzee Fintan alikuwa na mwezi mmoja kaburini. Waairishi wana desturi yao: mwezi wa kufa ukitimia, wanarudi kanisani kumsomea mtu misa, halafu ukumbini, salle, kwa chai na muziki. Saa kumi kamili jioni ya leo, quatre heures, Rolande angesimama katika salle ya paroisse kule Etterbeek apige ule wimbo wa pole pole wa maombolezo, peke yake, wote wengine kimya. Hajawahi kupiga mbele ya watu.

"Papa Banza," alisema, na alipomwita hivyo badala ya Flori, Florent alijua kuna jambo. "Niko na neno moja tu."

"Sema."

"Miezi tano unanisikiliza ku mulango. Kwa mzee, ku mulango. Kwangu, unasimama mu couloir, inje ya mulango, na koti yako. Jirani aliniuliza kama wewe ni muntu wa kusoma compteur ya gaz."

"Rolande, unajua sababu."

"Najua. Nimesema kitu mubaya juu ya marehemu muke wako hata siku moja?"

"Hapana."

"Bon. Lakini leo ni siku ya mzee wangu. Naenda kusimama mbele ya bazungu mia moja na kafilimbi ka bati. Kama leo uko ndani, nitajua. Kama leo uko inje ku mulango..." Aliinua mabega, na mara ya kwanza siku hiyo akamtazama machoni. "Nitajua pia. Na usirudi tena kusimama mu couloir yangu."

Florent alishika kifundo cha mkono wake wa kushoto. Chini ya mkono wa koti kulikuwa na ukanda wa kitambaa cheusi, umechakaa, umekuwa kijivu kwa sabuni ya kazi. Alifungwa nao makaburini, siku ya kumzika mke wake Carine, miezi kumi na minne iliyopita. Desturi ya ukoo wa Carine ni hiyo: mdogo wa marehemu, hapa Lina, ndiye anafunga, na ni yeye tu anakata, familia ikikubali. Mwenye kitambaa haingii nyumba inamopigwa muziki. Florent aliapa mbele ya shimo, na mpaka leo hajavunja. Wengine walimwambia, Banza, tuko Ulaya, nani anakuona? Aliwajibu kwamba Carine anamwona.

Kabla hajamjibu Rolande, simu ililia. Sauti ya shemeji yake Mukendi ilitoka mpaka nje ya simu, kama kawaida ya watu waliozoea kuamuru.

"Banza! Kuya ku salon ya Lina, tout de suite. Mujomba wa Likasi amekubali. Leo tunamaliza kilio."

"Leo? Shemeji, leo niko na..."

"Leo ama mwaka kesho. Utachagua."

Simu ikakatwa. Rolande alikuwa amesikia yote.

"Enda," alisema taratibu. "Si njo siku ile ulikuwa unangoja?"

"Lina anakata dakika moja. Nitakuja nikiwa mkono mutupu, nitaingia, nitakaa mbele kabisa. Utaniona."

"Enda, Flori. Lakini uangalie saa."

Florent akaondoka mbio. Yeye alikuwa na furaha, mwanamke alikuwa na woga, na filimbi ilikuwa kimya kwenye joto la mbavu. Kati ya hao watatu hakuna aliyekumbuka kwamba filimbi haijarudishwa.

* * *

Salon ya Lina iko ndani ya Galerie d'Ixelles, ngazi mbili chini, na Jumamosi ndiyo siku yenyewe ya wateja. Lina alikuwa amewafukuza wateja wote isipokuwa mmoja, maman Anne-Marie, ambaye upande wa kulia wa kichwa umesukwa na wa kushoto umesimama kama majani.

"Mi sitoki na kichwa nusu," maman Anne-Marie alikuwa anasema. "Mufanye mambo yenu. Mi nitafunga macho."

"Utafunga na masikio?" Lina aliuliza.

"Ile hapana."

Mukendi alikaa kwenye kiti kikubwa cha kuoshea nywele, amevaa kravati. Huyu Mukendi alikuwa kaka mkubwa wa Carine na wa Lina, ambaye Lina alimwita yaya. Tena, kwa bahati mbaya ya Florent, alikuwa chef d'équipe wake, msimamizi wa timu yake kazini. Jumatatu mpaka Ijumaa Florent alimwita chef, Jumamosi na Jumapili alimwita shemeji, na siku zote saba alimwogopa. Ndivyo wakubwa walivyo, wanajua kukaa pande zote mbili za maisha yako ili usipate pa kugeukia.

Mjomba wa Likasi alikuwa kwenye simu, ameegemezwa kwenye chupa ya shampoo. Alisali dakika ishirini, akasema ukoo umeridhika, mtandao ukamkata katikati ya amina.

"Bon," Mukendi alisema. "Mujomba amesema. Sasa tufanye vite, mbio. Ile mambo ya kila mutu kutapika ya moyoni, leo tunaruka."

Lina alikuwa ameshika mkasi. Akauteremsha. "Haturuki kitu, yaya. Kabla ya mukasi kila mutu anasema kile kinamukaa mu tumbo. Njo desturi. Ni wewe mwenyewe ulinifundisha."

"Lina, tuko Ulaya. Parking yangu inaisha quinze heures trente, saa tisa na nusu."

"Ile ya kufunga tulifanya Ulaya pia."

Florent alimwangalia shemeji yake. Mukendi alikuwa anatazama viatu vyake. Mara tatu familia ilipanga siku ya kumaliza kilio, na mara tatu ni Mukendi aliyeiahirisha: mara jiwe la kaburi halijafika, mara mjomba anaumwa, mara likizo hazikubaliani. Florent aliona hayo yote, akayameza.

"Na tena," Mukendi akaendelea, sauti imepanda, "mi niko na sharti. Nasikia kuna mwanamuke mumoja wa Bukavu. Ni kweli ama ni uongo?"

Maman Anne-Marie alifungua jicho moja.

"Shemeji..."

"Nauliza kama chef wa familia. Dada yangu hajaoza bado, na wewe uko nazunguka Etterbeek na mwanamuke wa kuogesha bazee! Kitambaa kinakatwa leo, sawa. Lakini unaapa hapa mbele ya Lina: mwaka mumoja nzima bila ule mwanamuke. Sinon, usipoapa, unaenda nacho, na mi sitaita tena mujomba."

Miaka kumi na tisa ya kujibu "ndiyo chef" ilikuwa tayari mdomoni mwa Florent. Alifikiria saa. Ilikuwa inakaribia tisa. Akasema moyoni, sema ndiyo, Banza, sema tu ndiyo, kitambaa kikatwe, halafu utaona mbele. Maneno ya uongo hayana uzito, wakubwa wanayasema kila siku na wanalala usingizi.

"Vua koti kwanza," Lina alisema kwa upole. "Mukono ule nauona mubaya."

Florent akavua koti. Kikatoka kitu, kikagonga sakafu, kikabingirika katikati ya vipande vya nywele za bandia mpaka kwenye kiatu cha Mukendi.

Wote wakatazama chini. Florent akakumbuka. Rolande!

Mukendi aliinama, akaokota, akaigeuza mbele ya macho. "Ni nini hii? Banza! Umekuwa arbitre wa mupira?"

"Si ya foot hiyo," maman Anne-Marie alisema. "Iko na matundu."

"Filimbi! Mwanaume wa miaka hamsini na ine, mu kilio, na filimbi mu kifua!" Mukendi alicheka, halafu kicheko kikageuka. "Ni ya ule mwanamuke. Umekuya ku kilio ya dada yangu na kitu ya mwanamuke mwingine ku ngozi yako."

"Shemeji, nirudishie. Ni kitu ya mutu."

"Nikunje?" Mukendi aliishika miisho miwili, vidole gumba katikati. Bati lenyewe jembamba, mtoto angeweza kulikunja. "Ikikunjwa itapiga bado?"

Florent alipiga hatua. Lina akasema, "Yaya, wacha." Na hapo mlango wa kioo ukagongwa, mara mbili, kwa adabu.

Rolande alisimama nje, nywele zimelowa, midomo imekauka kwa baridi. Hakuingia. Alifungua mlango kiasi cha kupitisha sauti.

"Musamaha, ba maman na ba papa. Najua muko mu kilio, siwezi kuingia. Nimekuya kuchukua filimbi."

"Aha!" Mukendi akasimama. "Njo huyu. Umekuya kuchukua filimbi ama bwana ya dada yangu?"

"Filimbi, papa. Bwana iko na miguu, akitaka atakuja mwenyewe. Filimbi haina miguu."

Maman Anne-Marie alikohoa ndani ya kitambaa chake. Lina aligeuza uso kwenye kioo ili kaka yake asione mdomo wake. Lakini Florent aliona mikono ya Rolande. Ilikuwa imekaza ukingo wa mlango, ile mikono iliyozoea kuinua watu wazima, na haikuwa kwa baridi peke yake.

"Ni ya marehemu mzee wangu," Rolande aliendelea, sauti inapungua. "Quatre heures banamuombea ku paroisse ya Etterbeek. Nimeahidi. Papa, tafadhali."

Mukendi hakumtazama. Alimtazama Florent. Aliiweka filimbi juu ya marumaru ya meza ya Lina, kati ya kitana na mafuta, akaifunika kwa kiganja.

"Chagua," alisema. "Unaapa, na mi mwenyewe namupa filimbi yake, aende. Ama unaichukua wewe, na unatoka na kitambaa yako mpaka kufa."

Saa ya ukutani ya Lina ilisema tisa na dakika saba. Florent aliisikia. Aliangalia kile kiganja kinene juu ya bati, na kitu kilichokaa tumboni mwake miezi kumi na minne kikaanza kupanda, na hakikutaka tena kuteremka.

"Kabla ya mukasi kila mutu anasema," alisema. "Mi naanza."

"Hakuna mukasi!" Mukendi akapaza sauti.

"Wacha aseme," Lina alisema.

"Siku ile Carine alikufa," Florent alianza, "tulikuwa ku kazi, étage ya sita. Simu zetu zote mu mufuko, mu sac ya chef, sababu chef hataki simu ku kazi. Lina, ulinipigia mara ngapi?"

"Onze fois. Mara kumi na moja," Lina alisema. Hakuhitaji kufikiri.

"Nilishuka ngazi kubadilisha maji. Nilimuona shemeji. Hakuwa anashika sac. Alikuwa anashika simu yangu, ku mukono, anaiangalia inalia. Akairudisha mu sac. Nilisema labda ni simu ya mutu mwingine. Nikapanda tena. Saa moja nzima nikaosha madirisha. Nilipofika hospitali, Lina, ulikuwa umeshafunga macho yake."

Maman Anne-Marie aliacha kujifanya amelala.

"Yaya?" Lina alisema. "Uliniambia simu ilikuwa mu sac. Uliniambia hakuna mutu alisikia."

Mukendi alifungua kravati. "Kulikuwa inspection. Ba grands chefs walikuwa ku étage, walikuwa wanahesabu batu. Nikimuacha mumoja atoke, équipe yote... Mi pia niko na bakubwa juu yangu, Lina! Nilisema dakika kumi tu. Nilisema hospitali wanajua kazi yao. Ilikuwa dada yangu! Unafikiri nilijua?"

"Najua haukujua," Florent alisema, na yeye mwenyewe alishangaa sauti yake ilivyokuwa tulivu. "Sijamaliza. Miezi kumi na ine nimesema ni chef. Nimesema ni hospitali, ni bosi, ni ba docteur hawakumuangalia sababu ya rangi yake. Nimewachukia wote, mupaka chakula kikawa kichungu. Lakini asubuhi ile Carine alikaa ku kitanda akasema, Flori, leo usiende, mwili wangu hauko sawa. Na mi nilivaa viatu. Nilisema, chef atakasirika. Njo neno la mwisho mi nilimwambia bibi yangu. Chef atakasirika." Akaangalia viatu vyake. "Nani alifunga miguu yangu? Simu niliiona na macho yangu. Ningeweza kuinyang'anya ku mukono yake. Niliogopa. Niliogopa mutu mwenye kravati."

Kwenye mlango, Rolande alikuwa ameweka kiganja kwenye kioo.

"Leo sitaogopa," Florent alisema. "Siapi uongo juu ya Carine. Kitambaa nitakaa nacho. Lina alifunga, Lina atakata siku yake, nitaheshimu. Lakini hii filimbi ni kitu ya mutu anangojwa, na sitaenda tena kuambia mutu anangojwa kwamba chef alikasirika."

Akauinua mkono wa Mukendi kutoka mezani. Haukuwa mzito kama alivyofikiri. Filimbi ilikuwa imekuwa baridi kama kisu. Akaiingiza ndani ya shati, kwenye ngozi, akauma meno, akachukua koti akatoka.

* * *

Wakapanda basi pamoja. Chaussée de Wavre ni barabara ileile, inatoka Matonge, mtaa wa Wakongo, inapanda mpaka Etterbeek, lakini siku hiyo ilikuwa ndefu kama ya kwenda Likasi. Rolande alikaa dirishani. Florent alisimama, kama alivyozoea kusimama, mkono mmoja umekumbatia kifua.

Mara moja tu Rolande alisema, bila kugeuka, "Sikujua ile ya viatu."

"Hakuna mutu alijua."

"Carine alijua," Rolande alisema. Halafu, taratibu zaidi, "Na alikupenda vile vile, Flori. Mi naona bagonjwa kila siku. Wanajua nani aliogopa na nani hakuwapenda. Haiko kitu kimoja."

Florent aligeuza uso kwenye mlango wa basi ili watu wasimwone.

Walifika dakika kumi kabla ya saa kumi. Ndani ya salle kulisikika viti vinavutwa, vikombe, wazee wa Kiairishi wanaongea kwa kelele kama watu wa msiba wa kwetu. Binti wa mzee Fintan alitokeza kichwa, akamwona Rolande, akapiga ishara ya msalaba. Florent aliitoa filimbi ndani ya shati akaiweka kwenye kiganja cha Rolande.

Rolande aliifumbata kwa vidole vyote. "Iko moto," alisema. Akaiweka shavuni, akafumba macho, na Florent akatamani kuwa bati. "Unaingia?"

Neno moja, na ndani yake miezi mitano yote.

Florent alivuta mkono wa koti. Kitambaa cheusi kilikuwa palepale.

"Niliapa ku shimo, Rolande. Juu ya Mukendi, sijali. Lakini niliapa."

Rolande alimtazama. Hakukasirika; ingekuwa afadhali angekasirika. Aliinamisha kichwa kama mtu anayepokea jibu la daktari, akageuka, akaingia. Mlango ukajifunga wenyewe, polepole, na chuma chake kikalia tki.

Basi Florent alisimama mahali pake. Nje. Mvua nyembamba ilianza tena. Alisikia violini na kodiani wakipiga moja ya zile nyimbo za kucheza, viatu vinagonga sakafu, kisha makofi. Halafu sauti ya binti wa mzee, Kifaransa na Kiingereza. Halafu kimya kikubwa.

Noti ya kwanza ilitoka ikitetemeka. Florent alijua vidole vile, alijua ni kidole gani kinachoogopa. Ya pili ilisimama vizuri zaidi. Wimbo ukaanza kupanda, ule wa nyuma ya mlango, ule uliopoza ndoo ya maji, na alikuwa anausikiliza kama alivyousikiliza siku ya kwanza, mbao zikiwa katikati. Alielewa kwamba hii ndiyo mara ya mwisho. Aliweka paji la uso kwenye mlango uliolowa. Alitamani kumlaumu mtu. Hakumpata.

"Papa Banza! Eh, wewe! Nimekimbia kutoka arrêt ya bus na viatu ya salon!"

Lina alikuwa anapanda ngazi, aproni bado kiunoni, nywele za bandia zimenata kwenye mikono, na mkasi umeshikwa juu kama mshumaa.

"Lete mukono."

"Lina, familia..."

"Familia ni nani? Niliyefunga ni mimi." Alikuwa ametoka kulia, wanja umeshuka mpaka mashavuni. "Yaya Mukendi iko nalia kule mu salon. Maman Anne-Marie anamushika mukono, na kile kichwa yake nusu. Amesema yake yote. Miezi kumi na ine alikuwa anaahirisha sababu ya kuogopa siku ya kusema. Na mi pia niko na yangu, sikia vite: nilikuchukia, Flori. Nilifikiri ulisikia simu ukaacha. Basi. Imetoka. Lete."

Florent alinyoosha mkono. Mkasi ulikuwa mdogo, wa kukatia uzi wa kusukia, na kitambaa kilikuwa kimekauka kwa sabuni. Lina alilazimika kukata mara tatu. Chini yake ngozi ilikuwa imepauka kama ya mtu mwingine. Lina alikunja kile kipande akakiweka kwenye mfuko wa aproni.

"Hiki nitampelekea dada," alisema. "Wewe uko na mahali pa kwenda. Mi nangoja hapa. Sina nguo ya kuingia mu kanisa ya batu."

Florent alisukuma mlango.

Watu mia moja wamekaa, hakuna hata mmoja anayesogeza kikombe. Rolande mbele yao, macho chini kwenye matundu sita, mabega yamepanda. Aliposikia chuma cha mlango alikuwa amefika mahali pale wimbo unapokatika kwa ajili ya pumzi. Akainua macho.

Kulikuwa na kiti kitupu mstari wa mbele. Florent alitembea katikati ya salle na viatu vyake vilivyolowa mvua, vinalia kila hatua, mkono wa kushoto mtupu. Akakaa.

Rolande alivuta pumzi, ndefu kuliko ile wimbo uliyoomba, na wazee wa violini wakatazamana, wakidhani amesahau. Hakuwa amesahau. Akaendelea kupiga, na vidole havikuogopa tena.